Kichwa kikubwa cha mtoto si laana, ni maji yaliyokosa njia

Hapa Bujumbura, kichwa cha mtoto mchanga kinapoanza kukua kupita kiasi, maneno huwa mengi. Wengine husema amerogwa, wengine laana ya ukoo. Nimeyasikia Buyenzi, nimeyasikia kwa ndugu zetu waliorudi kutoka kambi za Tanzania, na kwa akina mama wafanyabiashara wa mpaka wa Gatumba. Wakati maneno yakiendelea, mtoto anapoteza siku ambazo hazirudi.

Ukweli ni huu. Ndani ya ubongo wa kila mtu mna vyumba vinne vyenye maji safi. Kuta zake zimefunikwa na safu moja ya seli ndogo ziitwazo seli za ependima. Nyingi zina vinyweleo vinavyopiga kwa pamoja, mithili ya makasia ya mtumbwi, na kuyasaidia maji kutembea. Mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kwa siku, ilhali yaliyomo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Kwa hiyo lazima yatoke kila siku. Njia ikiziba, vyumba hutanuka na ubongo hubanwa. Kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kichwa nacho hupanuka.

Ni nini kinachoziba njia? Wapo wanaozaliwa na tatizo hilo, wakiwemo wengi wenye mgongo wazi. Lakini katika ukanda wetu maambukizi yana sehemu kubwa. Daktari Benjamin Warf kutoka Marekani alihamia Uganda mwaka 2000, akafanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale. Taarifa yake ya mwaka 2005 kuhusu watoto 300 ilionyesha kuwa asilimia 60 waliugua baada ya maambukizi, wengi katika mwezi wa kwanza wa maisha. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa bakteria wa jamii ya Paenibacillus walionekana katika maji ya ubongo ya watoto wa aina hiyo.

Homa ya namna hiyo huunguza seli za ependima. Zikishakufa, mwili hauzioteshi upya, panabaki kovu. Ndiyo maana nasema homa ya mtoto wa siku kumi si ya kusubiri soko lifungwe.

Matibabu yapo. Kwa miaka mingi madaktari wametumia mrija unaotoa maji kichwani hadi tumboni, lakini mrija huweza kuziba, na mama aliye mbali na hospitali huchelewa kurudi. Mbale walizoea njia nyingine: kwa kamera nyembamba, daktari hutoboa tundu ili maji yapite, kisha huunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Utafiti wa watoto 100 uliotolewa mwaka 2017 haukuona tofauti kubwa ya maendeleo ya akili kati ya njia hizo mbili baada ya mwaka mmoja.

Mzazi, angalia dalili hizi: utosi uliovimba, mishipa ya kichwa iliyojitokeza, kutapika, na macho yanayoelekea chini kama jua linalozama. Mtoto anapozaliwa, kichwa huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi, na miezi mitatu ya mwanzo huongezeka kama sentimita mbili kwa mwezi. Omba muuguzi akipime na aandike kwenye kadi. Wewe unayevuka mipaka, tembea na kadi hiyo, ili daktari wa Uvira, Kigoma au Mbale aone kilichotangulia.

Mei 2006 serikali ya Burundi ilifuta malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Kitovu kisafi, mikono iliyonawa na kwenda kituo cha afya siku ileile ya homa ndivyo vinavyozilinda seli hizo.