Mali Bila Daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lafaa zaidi likimwonyesha mwenye biashara la kufanya kesho.

Mfano ni mama muuza mahamri wa Kisauni. Unga, sukari, mafuta na nazi za sokoni Kongowea humgharimu shilingi 6 kwa kila hamri, naye huliuza shilingi 10. Kodi ya kibanda na ujira wa msaidizi ni shilingi 600 kwa siku, auze asiuze. Basi kila hamri huleta shilingi 4 za kulipia 600 hizo. Akiuza 150, hapati faida wala hasara.

Tuseme amekwisha uza 200, kisha mwenye mkahawa ataka 100 zaidi kwa shilingi 8. Akigawanya gharama zote kwa yale 200, aona kila moja limemgharimu shilingi 9, naye akataa. Amekosea! Kodi na ujira vimekwisha patikana. Yale 100 yangalimwongezea faida ya shilingi 200. Walakini akiwauzia watu wote kwa shilingi 8, itampasa kuuza 300 ndipo arudishe gharama zake.

Josiah Wedgwood, mfinyanzi mashuhuri wa Uingereza, alitambua jambo hilo mwaka 1772 biashara yake ilipozorota: kodi haipungui kwa kuwa vyombo vimepungua. Kulijua kwahitaji kalamu na daftari tu.