Jicho Hutazama, Ubongo Ndio Uonao

Kiswahili hututenganishia vitenzi viwili: kutazama na kuona. Mtu aweza kutazama asione. Tofauti hii, ambayo sisi walimu wa lugha huifundisha kama suala la msamiati tu, ndiyo hali halisi ya wengi walioumia ubongo. Jicho ni zima, halina kovu wala mtoto wa jicho, ilhali sehemu ya ulimwengu imetoweka.

Sayansi ilililitambua jambo hili zamani. Daktari Tatsuji Inouye wa Japani aliwachunguza askari waliopigwa risasi kichwani katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905, akaeleza jinsi ubongo wa kisogoni upokeavyo yale yaletwayo na macho. Upande wa kulia ukiharibika, mtu hupoteza nusu ya kushoto ya anachokitazama, tena kwa macho yote mawili. Wengine huona vitu viwiliviwili au huumizwa na mwanga.

Kwa nini nizungumzie Kitui na Makueni? Barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa hupita Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, na pikipiki za bodaboda zimeenea hadi vijijini, aghalabu abiria akiwa hana kofia ya kinga. Ongeza kiharusi na homa ya uti wa mgongo. Aidha, kaunti ya Kitui pekee ina zaidi ya kilomita mraba 30,000. Mgonjwa wa Tseikuru hawezi kuambiwa arudi mjini Kitui kila wiki.

Majeruhi wa kichwa hushonwa jeraha, hupigwa picha, kisha huruhusiwa kwenda nyumbani. Akilalamika kuhusu macho, huonyeshwa ubao wa herufi. Huzisoma zote, akaambiwa yu mzima. Ubao huo hupima ukali wa jicho. Haupimi upana wa kile mtu anachokiona.

Gharama ya kosa hilo hulipwa darasani. Mwanafunzi aliyepoteza upande wa kushoto hukosa mwanzo wa mstari, akaanzia katikati. Aliyepoteza upande wa kulia husoma kwa kusitasita, kwani halioni neno lijalo. Mwalimu asiyejua humwita mvivu, na wenzake humcheka. Wahenga walinena, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mtoto huyu twamuua moyo ilhali macho yake yangali hai.

Yapo yanayowezekana. Mosi, asiruhusiwe majeruhi yeyote wa kichwa kutoka wodini kabla ya kupimwa upana wa kuona. Mhudumu humtaka atazame puani pake, kisha husogeza kidole kutoka kila pembe, akiuliza kinapoonekana. Kipimo hiki cha awali hakihitaji mtambo. Pili, maafisa tabibu wa macho wawe na siku maalumu za kwenda Mwingi, Mutomo na Kibwezi, siku zinazojulikana na wananchi. Tatu, mwanafunzi arudi shuleni na barua ya hospitali, nakala yake ipelekwe katika kituo cha tathmini ya elimu maalumu. Vituo hivyo vilianzishwa nchini tangu 1984.

Mwalimu naye ana nafasi yake. Amchoree mtoto mstari mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa, amzoeze kuutafuta kabla ya kusoma. Aliyepoteza upande wa kushoto aketi kushoto mwa darasa, ili ubao uwe upande anaouona.

Wapo watakaosema kaunti hazina fedha. Naam, lakini kidole hakinunuliwi, wala barua si ghali. Kinachokosekana ni mpango. Huduma za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti tangu 2013. Basi swali hili liulizwe Kitui na Wote, katika mabunge yao. Sehemu iliyopotea ya kuona huenda isirudi yote, lakini mtu aliyeelezwa kilichompata hujifunza kugeuza kichwa na kuutafuta upande uliofichika. Asiyeelezwa huishia kudhani kwamba amerukwa na akili.