Zebaki katika Samaki na Tatizo la Neno "Sumu": Mfano wa Maniema ya Kusini

Mzungumzaji wa Kiswahili anapoambiwa kuwa samaki wana sumu, aghalabu hufikiria utupa. Majani yake hupondwa na kutiwa mtoni, na baada ya muda mfupi samaki huelea wakiwa wamelewa. Mvuvi huwaokota, akawapika na kuwala bila ya kudhurika. Zebaki hufanya kinyume chake: samaki huishi na kunenepa, na anayedhurika ni mlaji. Tofauti hiyo ndiyo inayokusudiwa kuelezwa hapa, kwani katika nchi ya Kasongo na Kabambare ina uzito wake.

Kabambare ni nchi ya dhahabu. Machimbo ya Namoya, huko Salamabila, yanajulikana tangu enzi ya Wabelgiji, na pembeni mwa makampuni wako wachimbaji wadogo. Duniani kote hakuna shughuli ya binadamu inayotoa zebaki nyingi kuliko uchimbaji mdogo wa dhahabu. Pale inapotumika, zebaki huchanganywa na mchanga uliooshwa, ikashikamana na chembe za dhahabu; kisha donge huchomwa ili zebaki itoke kama mvuke. Nyingine hupotea hewani, nyingine huingia matopeni, na mvua huisukuma mitoni. Luama, mto mkuu wa Kabambare, humwaga maji yake katika Lualaba.

Katika maji yenyewe kiasi chake huwa kidogo mno. Jambo lenyewe hutendeka katika matope ya maji yaliyotulia: maziwa, vinamasi, hata mashimo yaliyoachwa na wachimbaji. Humo bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo huingia mwilini upesi na kutoka polepole. Viumbe vidogo vielevyo majini huliwa na visamaki, visamaki huliwa na wakubwa, na kila hatua huongeza kiasi, hata samaki mzee alaye wenzake aweza kuwa nayo mara milioni moja kuliko maji anamoishi. Kwa hiyo maji huweza kupimwa yakaonekana safi, ilhali samaki wake hawafai. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956 uliwapata hata watoto ambao mama zao hawakuonyesha dalili kubwa.

Je, watu waache samaki? La hasha. Ndagala wa Tanganyika, ambao huishi muda mfupi na kula viumbe vidogo, hubeba zebaki kidogo kuliko sangala mkubwa. Ila ifahamike kwamba moshi, chumvi na jua haviiondoi. Samaki akikauka hupoteza maji tu, na kiasi cha zebaki kwa kila kilo huzidi.

Yabaki suala la istilahi. Wengine huandika "madini mazito". Lakini katika mafunzo ya lishe madini ni kitu chema ambacho mama mjamzito huhimizwa kukila, naye ndiye wa kwanza kuonywa hapa, kwa ajili ya ubongo wa mtoto aliye tumboni. "Metali nzito" ni bora, ingawa ni neno la darasani. Ama "risasi", katika nchi iliyopitia vita, msikilizaji hataelewa imeingiaje ndani ya samaki; hapo afadhali kutaja chanzo chake, kwa mfano risasi ya betri kuukuu za magari.