Bastola ya Sonny Crockett

Katika mkusanyiko wangu wa bastola bandia za tamthilia za polisi, ninayoithamini kuliko zote ni nakala ya Bren Ten. Ndiyo aliyobeba Sonny Crockett, askari kanzu aliyeigizwa na Don Johnson, misimu ya mwanzo ya Miami Vice, tamthilia ya Marekani iliyorushwa kuanzia 1984 hadi 1989.

Bren Ten halisi ilitengenezwa California na kampuni ndogo ya Dornaus & Dixon, kwa risasi za milimita 10. Risasi baridi za ukubwa huo hazikupatikana, basi za kuigizia zikaundwa kwa kipimo cha .45. Sehemu ya juu ilipakwa kromi ing'ae kwenye matukio ya usiku. Nakala isiyo na mng'ao huo siihesabu. Kampuni ilifilisika 1986, zikiwa zimetoka bastola kama 1,500 tu, nyingine bila magazini. Msimu wa tatu Crockett akashika Smith & Wesson 645. Nzuri, lakini moyo wangu ulibaki kwa ile ya kwanza.

Ukikusanya bastola bandia, usipuuze sheria. Marekani, nakala za kuchezea huuzwa zikiwa na ncha ya rangi ya chungwa. Japani, za chuma zinazofanana na bastola halisi hupakwa nyeupe au njano, na mtutu huzibwa. Ukiwa na nakala, iache nyumbani. Askari akiiona mkononi mwako barabarani, hana muda wa kuuliza kama ni bandia.