Daktari wa "Supervet" na Mkulima wa Kilombero: Miguu ya Titani Hatuna, Saa ya Kwanza Tunayo

Natumaini palizi inakwenda vizuri Mngeta, Mbingu, Mang'ula na kule ng'ambo ya mto. Leo naomba tuweke pembeni mbolea na viuatilifu, maana kuna swali limenifikia mara tatu mwezi huu, kutoka kwa vijana watatu wasiofahamiana: "Afisa, umemwona yule daktari Mzungu anayewawekea mbwa miguu ya chuma? Sisi huku tunaweza?"

Wanazungumzia kipindi cha The Supervet, ambacho vipande vyake vinazunguka sana kwenye simu. Jibu langu ni fupi. Mguu wa chuma, hapana. Lakini yale yanayofanyika kabla mnyama hajafika kwenye meza ya chuma, hayo tunayaweza hapa hapa bondeni, na ndiyo yakikosekana wanyama wetu wanakufa. Nitaeleza.

Ni nani huyu?

Anaitwa Noel Fitzpatrick. Ni mtoto wa mkulima kutoka Ballyfin, huko Laois, Ireland. Alisomea udaktari wa mifugo Dublin na akaanza kazi kama madaktari wengi wa vijijini: ng'ombe, kondoo, kuzalisha usiku kwenye matope. Baadaye alihamia Surrey, Uingereza, akabobea kwenye mifupa na neva za mbwa na paka, akafungua hospitali ya rufaa. BBC ilimwonyesha mwaka 2010 kwenye The Bionic Vet, na kuanzia 2014 Channel 4 ikaanza kurusha The Supervet.

Mgonjwa aliyemtangaza duniani ni paka mweusi aitwaye Oscar, na hapa ndipo mkulima wa mpunga akae sawa asikilize. Mwaka 2009, katika kisiwa cha Jersey, Oscar alikuwa amejilaza shambani anaota jua. Ikapita kombaini. Ikamkata miguu yote miwili ya nyuma.

Fitzpatrick alitoboa mfupa wa kila mguu uliobaki, akapachika kipandikizi cha titani kilichotokeza nje ya ngozi, kisha juu yake akaweka kanyagio za bandia. Teknolojia hiyo ilitoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha London, University College, na wao walijifunza kutoka kwa kulungu wa Ulaya. Pembe ya kulungu huyo ni mfupa uliotoboa ngozi, na bado ngozi inaushika vizuri bila vijidudu kupenya. Kipandikizi cha Oscar kilipakwa madini yanayofanana na ya mfupa ili mfupa na ngozi vikikumbatie. Oscar alitembea tena.

Kamera haikai hapa

Sasa jiulizeni: kutoka kukatwa miguu hadi kufika Surrey, nani alimweka hai? Ni watu waliomkuta na daktari wa kawaida wa hapo kisiwani. Damu ilizuiwa, maumivu yakatulizwa, kidonda kikasafishwa, ndipo rufaa ikaandikwa. Bila hao, titani isingekuwa na paka wa kupachikwa.

Huku kwetu naona kinyume. Mbwa kagongwa na bodaboda, au kanaswa kwenye mtego wa waya kule karibu na msitu wa Udzungwa. Mbuzi kavunjika mguu akishuka kwenye guta. Kinachofuata ni oili chafu, majivu, maji ya betri, na sindano ya antibiotiki kutoka duka la dawa bila mtu kumpima mnyama. Siku ya tano kidonda kinanuka, ndipo napigiwa simu. Siku ya tano hata Fitzpatrick mwenyewe angekuwa na kazi ngumu.

Mfupa unaungana vipi?

Mfupa uliovunjika unahitaji vitu vinne: damu ya kutosha kufika pale, ncha mbili zikae kwenye mstari, zisichezecheze, na muda. Kwanza damu inaganda kwenye ufa, kisha inaota tishu laini kama gegedu, kisha gegedu hiyo inageuka mfupa. Sahani na skrubu unazoziona kwenye kipindi haziungi mfupa. Zinaushikilia tu usicheze wakati mwili unafanya kazi yake. Hogo na banzi vinafanya kazi ile ile kutoka nje.

Ndiyo maana mahali pa jeraha ni pa muhimu sana. Chini ya goti unaweza kufunga banzi likashika. Juu ya goti kuna nyama nyingi, banzi linateleza na kugeuka mzigo unaozidi kuvuta ncha za mfupa. Na mfupa ukiwa umetoboa ngozi, vijidudu vimeshaingia. Hapo usipoteze hata saa moja.

Saa ya kwanza: fanya hivi

1. Jilinde kwanza. Mnyama mwenye maumivu anauma hata anayempenda. Mbwa mfunge mdomo kwa kitambaa kirefu: zungusha juu ya pua, vuka chini ya kidevu, fungia nyuma ya masikio. Usimfunge kama anatapika au anahema kwa shida. Paka mfunike na kanga au taulo.

2. Zuia damu. Weka kitambaa safi, bana kwa kiganja dakika kumi bila kufunua kuchungulia. Damu ikilowesha kitambaa, ongeza kingine juu yake, usitoe cha kwanza.

3. Osha kidonda. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Mimina mengi. Usipake kitu kingine chochote.

4. Mguu ukivunjika chini ya goti, weka pamba au kitambaa laini, kisha banzi la mwanzi au bomba la plastiki la maji lililopasuliwa katikati. Banzi livuke kiungo cha juu na kiungo cha chini ya palipovunjika. Funga kwa kushika, usikaze. Vidole vikivimba au vikiwa vya baridi, umekaza sana, legeza. Ukivunjika juu ya goti, usifunge kitu. Mtulize tu asitembee.

5. Msafirishe akiwa amelala kwenye ubao au gunia lililonyooshwa na watu wawili, asining'inizwe mguu kwenye pikipiki.

6. Usimpe dawa za binadamu. Parasetamoli inaua paka, hata kidonge kimoja. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuharibu tumbo na figo za mbwa.

Na hili liandike ukutani: mbwa yeyote akikuuma, hata wako mwenyewe, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Karibu vifo vyote vya watu kutokana na kichaa cha mbwa vinaanzia kwa mbwa, na dalili zikishaanza mtu haponi. Taasisi ya Afya Ifakara, hapa hapa mjini kwetu, imeshiriki miaka mingi katika utafiti wa ugonjwa huu, na somo kubwa linajulikana: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa. Mbwa aliyechanjwa ni rahisi kumhudumia akiumia, kwa sababu watu hawaogopi kumgusa.

Nani aitwe?

Anza na afisa mifugo wa kata yako. Yeye ndiye kiungo cha kukufikisha kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, iwe Mji wa Ifakara, Mlimba, Ulanga au Malinyi. Kwa kesi ya kufungua mwili, rufaa yetu ni hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, pale Morogoro. Ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Ifakara, lakini ni barabara moja kupitia Mikumi, na watu wanaisafiri kila siku.

Mimi nina stashahada, na kazi yangu ni ushauri na huduma ya kwanza. Kupasua ni kazi ya daktari aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Kwa hiyo yule kijana anayezunguka na begi la sindano akisema "mimi nakata", mwombe usajili wake kwanza.

Kutibu, kukata au kuchinja?

Hapa ndipo kipindi kinatusaidia zaidi, ukikiangalia vizuri. Kabla ya kila operesheni daktari anakaa na mwenye mnyama. Wanajadili gharama, maumivu, na kama maisha ya baadaye yatakuwa maisha kweli. Hata Uingereza madaktari wanabishana: je, kila kinachowezekana kifanyike? Ni swali zuri, na mkulima wa biashara anatakiwa kulijibu siku ya kwanza.

*Mbuzi na ndama.* Hawa wanalipa. Ndama akivunjika mguu chini ya goti, mara nyingi kwa kuvutwa vibaya wakati wa kuzaliwa, hogo la wiki nne hadi sita linamponya vizuri kama ngozi haikutoboka. Kijana mmoja wa Mang'ula aliniita saa hiyo hiyo mbuzi wake alipovunjika. Tukaweka banzi la bomba la plastiki, afisa mifugo akasimamia, na leo mbuzi huyo ameshazaa mara mbili.

*Ng'ombe mkubwa.* Uzito wake ndio adui. Mfupa wa paja au wa bega ukivunjika, matumaini ni madogo. Chukua hesabu ya mfano tu: maksai wako ana thamani ya shilingi 1,200,000. Matibabu na usafiri ni 500,000, na nafasi ya kupona ni nusu kwa nusu. Nusu ya 1,200,000 ni 600,000. Toa 500,000, umebaki na 100,000, na miezi ya kulima bila maksai. Akichinjwa leo akiwa hana dawa mwilini, nyama ikakaguliwa, tuseme unapata 800,000. Hesabu imejisema.

Lakini lazima uamue *leo*. Mfugaji mmoja ng'ambo ya mto alimchoma sindano maksai wake aliyevunjika juu ya goti kwa siku tisa, akingoja. Siku ya kumi akataka kuchinja. Nyama ilikataliwa kwa sababu dawa bado zilikuwa mwilini. Kila kibandiko cha dawa kinaandika siku za kusubiri kabla ya kula nyama au kunywa maziwa. Alipoteza maksai, akapoteza pesa za dawa, akapoteza nyama. Na yule mnyama aliteseka siku tisa bila sababu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo kwa ajili ya mateso ya namna hiyo.

*Mbwa na paka.* Hawa hawana bei mnadani, kwa hiyo vijana wengi wanasema "achana naye". Fanya hesabu nyingine. Paka mmoja hodari kwenye ghala la mpunga, msimu mzima, amekuokolea magunia mangapi kwenye meno ya panya? Mbwa anayebweka zizini saa nane usiku, thamani yake ni ya ng'ombe wangapi? Halafu, tuseme ukweli, si aibu mwanaume kumpenda mbwa wake.

Habari njema ni kwamba mbwa na paka hawahitaji titani. Mbwa anabeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele, kwa hiyo akikatwa mguu mmoja wa nyuma anazoea haraka sana. Paka ni hivyo hivyo. Kukata mguu ulioharibika, kwa dawa ya usingizi na mikono ya daktari, ni operesheni ya kawaida kabisa na gharama yake haikaribii ile ya kwenye kipindi. Mtu akikwambia mbwa wa miguu mitatu ni wa kuua tu, hajawahi kumwona akikimbiza kima shambani.

Na kama jeraha ni la kutopona, miguu yote miwili imesagika au uti wa mgongo umekatika, mwite mtaalamu amlaze kwa sindano. Kumwacha porini afe mwenyewe ni ukatili.

Kabla kombaini hazijashuka bondeni

Oscar aliumia kwa sababu hakuna aliyejua yuko pale. Kwetu, kwenye mpunga mrefu, anaweza kuwa paka, mbwa, au mtoto anayewinda panya. Siku ya kuvuna fanyeni haya:

- Mbwa wote wafungwe nyumbani tangu alfajiri.
- Mtu mmoja apite shambani akipiga kelele kabla mashine haijaingia.
- Mwambie dereva aanze katikati akivuna kuelekea pembeni, ili kiumbe kilichojificha kipate njia ya kutokea. Akianza pembeni akizunguka kuingia ndani, anawakusanya wote katikati.
- Watoto na waokota masalia wakae mbali mpaka injini izimwe.

Na kwenye boksi la vifaa vya shamba ongeza: kitambaa safi, pamba, bendeji mbili, chumvi, sabuni, kipande cha bomba lililopasuliwa, na namba ya afisa mifugo wa kata iliyoandikwa kwa wino kwenye mfuniko, maana simu huzima chaji siku hiyo hiyo unayoihitaji.

Kazi njema, na mavuno mema.