Rangi si urembo tu: Linda mlango, ukuta na ndama wako

MWENYE duka wa Kakesio akihitaji kopo la rangi, mara nyingi hulazimika kulisubiri lifike na gari kutoka Karatu. Barabara ya lami itokayo Makuyuni hupita Karatu hadi Lango la Lodoare, na kutoka hapo safari ya kwenda Endulen na Kakesio ni ya changarawe na vumbi. Masika yakikolea, vumbi hilo hugeuka tope. Kila kopo na kila ubao unaofika huko umekwisha kuongezewa nauli, hivyo mlango ukioza au bati likitoboka, gharama ya kuweka jipya ni kubwa kuliko ya mjini.

Aidha, kata hii ya Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, ipo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro iliyoanzishwa mwaka 1959. Huko mtu hajengi nyumba ya kudumu kwa kupenda tu, bali sharti apate kibali cha mamlaka. Kwa sababu hiyo jengo lililopo, hata likiwa duka dogo au ghala la chumvi ya mifugo, ni mali ya kutunzwa.

Jambo hili si geni kwa jamii ya wafugaji. Nyumba ya asili ya Kimaasai haina rangi ya dukani, lakini akina mama huikandika upya kwa samadi na udongo kila inapopasuka. Hawasubiri ianguke. Nyumba ya saruji, mbao na bati huhitaji uangalizi wa namna hiyo hiyo.

Uharibifu huanzia wapi

Adui wa kwanza wa rangi ni jua. Huivunja polepole mpaka inakuwa unga. Mwenye nyumba anaweza kupima mwenyewe kwa kupitisha kiganja ukutani: kikitoka na unga mweupe au wa rangi ile, ulinzi umeanza kuisha. Upande unaopigwa na jua la mchana huchakaa kabla ya mwingine, hivyo si lazima kupaka jengo zima kwa mara moja.

Adui wa pili ni maji. Katika mlango wa mbao, maji hayaanzii usoni bali kwenye kingo za juu na chini, mahali ubao ulipokatwa. Hapo ndipo mbao hunywa maji zaidi, na hapo ndipo mafundi wengi husahau kupaka kwa kuwa hapaonekani. Mlango unaovimba kila mvua zinaponyesha ni dalili kwamba kingo zake ziko wazi.

Adui wa tatu ni mchwa. Mninga na mvule huwastahimili, lakini msonobari usiotiwa dawa huliwa upesi. Rangi peke yake haizuii mchwa. Dawa ya kwanza ni kuinua mbao zisiguse udongo, kwa kuziweka juu ya jiwe au saruji. Ya pili ni kukagua msingi mara kwa mara na kuvunja vijia vya udongo wanavyojenga ukutani. Dawa za zamani kama dieldrin zilipigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwani hukaa miaka mingi katika udongo na mafuta ya wanyama. Chupa isiyo na lebo inayouzwa mnadani isinunuliwe.

Kazi kubwa ni kabla ya brashi

Rangi nyingi zinazobanduka hazikuwa mbovu, ila zilipakwa juu ya vumbi, mafuta au unyevu. Ukuta mpya wa plasta uachwe ukauke kwa takriban wiki nne, kwa sababu saruji mbichi ina magadi yanayoharibu rangi ya mafuta. Ubao mbichi nao ukipakwa hufungia maji ndani, kisha rangi hutoa malengelenge.

Kwa ukuta wa zamani, rangi iliyolegea ikwanguliwe, nyufa zizibwe, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, ndipo praima ifuate na mikono miwili ya rangi. Kila mkono ukauke kabla ya unaofuata. Kwa mbao, msasa upitishwe kufuata mkondo wa nyuzi. Vanishi iliyopauka ipigwe msasa mwepesi na kuongezwa mkono mmoja kabla haijapasuka, maana ikishapasuka itabidi kuikwangua yote.

Kwa bati lenye kutu, brashi ya waya hutangulia, kisha praima ya kuzuia kutu. Bati jipya lina utando wa zinki, na rangi ya mafuta ikipakwa juu yake moja kwa moja huweza kubanduka. Huhitaji praima maalumu ya mabati.

Wakati mzuri wa kupaka ni kiangazi, asubuhi umande ukishakauka na kabla upepo haujaanza kurusha vumbi. Jua kali la saa saba hukausha rangi juu huku chini ikiwa mbichi.

Piga hesabu kabla ya kuagiza

Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Chukua duka la mita 3 kwa 4 lenye kuta za kimo cha mita 2.5. Mzunguko ni mita 14, hivyo kuta za ndani zina mita za mraba 35. Ondoa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Kwa mikono miwili ni 64, yaani lita 6.4. Makopo mawili ya lita 4 yatatosha na kubakiza ya kurekebishia. Ukuta wenye vinyweleo vingi utakunywa zaidi.

Hesabu hii humsaidia pia mwenye nyumba anapoajiri fundi. Ni vema bei ya kazi itenganishwe na ya vifaa, maandalizi yatajwe katika makubaliano, na malipo yagawanywe kwa hatua. Makopo yafunguliwe mbele ya mwenye mali, yawe na alama ya ubora ya TBS, na rangi isizimuliwe kupita maelekezo ya kopo.

Hatari kwa watoto na mifugo

Rangi za zamani za mafuta, hasa nyekundu, njano na kijani, huweza kuwa na madini ya risasi. Viwango vya Afrika Mashariki vinaweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa hiyo rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu. Ilowanishwe kwanza, watoto wawe mbali, na mabaki yakusanywe.

Kwa mfugaji hasara inaweza kuwa kubwa zaidi. Ng'ombe hupenda kulamba, na ndama ndio wanaodhurika upesi kwa risasi iliyomo katika makopo ya rangi na betri za magari zilizotupwa. Dalili zake ni upofu, kusaga meno na degedege, na mara nyingi mnyama hufa. Oili chafu ambayo wengine hupaka nguzo za zizi kuzuia mchwa nayo ina sumu, hivyo isipakwe mahali mifugo inapofikia kwa ulimi. Makopo matupu yasiachwe karibu na boma.

Katika eneo lenye shida ya maji, brashi ya rangi ya maji ioshwe ndani ya makopo mawili, la kwanza la maji machafu na la pili la kusuuzia, wala si kwenye kisima au lambo. Matambara yenye mafuta ya kitani yatandazwe yakauke, kwani yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.

Rangi iliyobaki, brashi safi na nusu siku kila kiangazi vinatosha kukagua duka dogo na kurekebisha palipoanza kuharibika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Kakesio ukuta mpya huanza na kibali, kisha nauli ya kutoka Karatu.