Ngoma za Watemi Kwenye Kilima cha Bujora

Ukishika barabara ya Musoma kutoka Mwanza mjini, Kisesa si mbali. Unashuka kwenye daladala, unachukua bodaboda, unapanda kilima chenye majabali kama yale yaliyotapakaa pwani ya Ziwa Victoria upande wa Mwanza. Juu kuna kanisa la mviringo lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na karibu yake kuna jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Ndani ya jengo hilo kuna ngoma, vigoda na mikuki ya watemi, yaani machifu, wa Usukuma. Hapa ni Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma.

Mgeni anayelipa kiingilio leo anaweza asijue kwamba vitu hivi havikuwahi kuwa vya kutazamwa na kila mpita njia. Ngoma ya utemi ilikaa kwa mtemi. Ilikuwa na watunzaji wake na ilikuwa na siku zake za kupigwa. Usukuma ulikuwa na tawala nyingi, kama Nera, Usmao, Bukumbi, Busiya na Ntuzu, na kila utawala ulikuwa na hazina yake. Fundi aliyechonga gogo lile na kuliwamba ngozi ya ng'ombe alijua anamfanyia nani kazi, na hakuwa akiwafanyia watalii.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu. Mtemi akawa raia kama jirani yake. Sheria iliondoa cheo, lakini ngoma ilibaki chumbani. Tafakari hali ya familia ya mtemi huyo. Ina vitu vizito, vya heshima, ambavyo kazi yake imekwisha kisheria. Mchwa hawajui heshima. Warithi wanaweza kugombana. Mfanyabiashara wa vinyago akibisha hodi na fedha mkononi, kwenye mwaka wa njaa, nani atamlaumu kijana atakayemfungulia?

Bahati ya Usukuma ni kwamba kazi ya kukusanya ilikuwa imeanza mapema. Padri David Clement, mmisionari wa White Fathers kutoka Quebec, Kanada, alikuwa Bujora tangu miaka ya 1950. Wasukuma walimwita Fumbuka. Pamoja na wazee wa eneo hilo alianza kuchunguza na kuhifadhi mila, ngoma, zana za wahunzi na vifaa vya waganga, wakati ambapo wamisionari wengi walikuwa wakiviita vya kishetani na kutaka vichomwe. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968. Clement alifariki mwaka 1986, na mahali pale pamebaki chini ya Kanisa Katoliki mpaka sasa.

Sisemi haya kumpamba padri. Ninachotaka kionekane ni kwamba vitu vya ndani ya ukoo vilipita kutoka mkono hadi mkono, na wenye navyo walijua vinakwenda wapi. Bujora haiko ng'ambo. Mjukuu wa mtemi akitaka kuiona ngoma ya babu yake, nauli ya daladala inatosha. Kila mwaka, mwezi wa Juni, wakati wa sherehe za Bulabo zinazofuatana na sikukuu ya Ekaristi, vyama vya wachezaji vya Bagika na Bagalu hushindana palepale, na watu humiminika kutoka vijiji vya mbali. Makumbusho mengi duniani yanatafuta kwa udi na uvumba jinsi ya kuvuta watu ambao babu zao walitengeneza vilivyomo ndani. Hapa watu hao wanakuja wenyewe, wakiwa na ngoma zao.

Sasa linganisha na yaliyotokea kwa hazina nyingine ya Wasukuma. Chama cha wacheza nyoka kilikuwa na nyumba zake za mafunzo, na kuta za ndani zilichorwa nyoka, watu na wanyama. Asiye mwanachama hakuingia. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni na kuishi Mwanza miaka mingi, aliichunguza michoro hiyo, na mwaka 1953 kitabu chake kikatoka London. Hivyo msomaji wa London aliweza kukaa kwenye kiti chake na kutazama mchoro ambao mwanamke wa Usukuma asiye mwanachama, anayepita mbele ya nyumba ile kila siku akienda kuteka maji, hakuruhusiwa kuuona. Kuta za udongo hazidumu, na bila Cory pengine tusingekuwa na kumbukumbu yoyote ya michoro ile. Namshukuru. Hata hivyo, najiuliza kama waliochora waliulizwa.

Nyaraka za Cory mwenyewe ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zimehifadhiwa, na mtafiti anaweza kuzifungua. Lakini mwalimu wa sekondari Magu au Misungwi anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake maandishi kuhusu mila za nyumbani kwao lazima avuke nchi nzima. Nakala za picha zingeletwa Mwanza bila gharama ya kutisha.

Wakenya wana somo lao, na ni chungu. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais kwa muda mfupi mwaka 1966, alikusanya sanaa ya Afrika na vitabu zaidi ya 50,000. Mwaka 1972 alianzisha jumba la sanaa la African Heritage pamoja na Alan Donovan. Hakutaka hazina yake itawanyike, akaiuzia serikali vitabu na nyumba yake ya Muthaiga, kwa makubaliano kwamba pale patakuwa taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi haikujengwa. Nyumba ilibomolewa. Murumbi alifariki mwaka 1990. Vitabu na kazi za sanaa vilinusurika, na mwaka 2006 ukumbi wenye jina lake ulifunguliwa katika jengo la Nyaraka za Taifa katikati ya Nairobi, ambako mtu yeyote anayetoka kituo cha basi anaweza kuingia. Donovan alipigania jambo hilo kwa miaka mingi. Mwenye mali alikuwa na nia njema, na ahadi ilitolewa, lakini hakukuwa na mtu wa kuisimamia.

Kwa upande wetu wa ziwa kuna Butiama pia. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999, miezi michache kabla hajafariki, na ndani yake kuna zawadi alizopewa na vitu vyake binafsi. Yako chini ya Makumbusho ya Taifa, kwa hiyo paa likivuja inajulikana nani wa kuulizwa.

Bujora inahitaji uhakika wa namna hiyo, na inahitaji zaidi karatasi. Kila ngoma inastahili hati inayosema ilitoka ukoo gani, ilitolewa moja kwa moja au iliazimwa, nani aliileta, na kama ukoo unaweza kuichukua kwa siku mbili kwa ajili ya tambiko na kuirudisha. Bila hati, mjukuu na mtunzaji watakuja kubishana siku moja, na wote wawili watakuwa wakweli. Waliokuwa vijana mwaka 1963 sasa wamevuka miaka themanini. Wao ndio wanaojua ngoma ipi ilipigwa mtemi akifa na ipi ilipigwa mvua ilipochelewa.

Nafasi ya kuanza ipo, tena haihitaji mfadhili kutoka Ulaya. Bulabo ya Juni ijayo familia zitakuwa Bujora kwa siku kadhaa. Uongozi wa makumbusho uweke meza na viti kivulini, uwe na kinasa sauti, kamera na daftari. Uwaalike wazee ukoo kwa ukoo, waingie kwenye jengo la kiti cha enzi, wasimame mbele ya vitu vya kwao na kusema wanachokijua. Jioni kila familia iondoke na nakala ya hati yake, yenye sahihi za pande zote mbili.